Bei ya hofu kwenye soko la kuku Usinge

Kuku wa Usinge ana bei mbili. Ya kwanza ni ya Desemba, wakati watu wanarudi nyumbani kwa sikukuu na jogoo mwekundu aliyejaa kifua anapandishwa bei mpaka mnunuzi anaguna. Ya pili ni ya Agosti na Septemba, upepo wa kiangazi unapopeperusha vumbi la reli, na habari zikasikika kwamba kitongoji cha pili kuku wameanza kusinzia. Hapo mama mwenye kuku ishirini hasubiri mchuuzi apite. Anawakamata usiku wakiwa wamelala, anawafunga miguu, na alfajiri anawapeleka mwenyewe sokoni, tayari kupokea chochote. Mchuuzi anajua kilichomleta mapema hivyo. Bei anayoitaja ni bei ya hofu.

Wataalamu wetu wa biashara ya kuku hupenda kuzungumzia mbegu bora, mikopo na masoko ya mbali. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini ukimuuliza mfugaji wa kuku wa kienyeji huku magharibi mwa Tabora kwa nini miaka kumi sasa kundi lake halizidi kuku thelathini, hatataja mbegu wala soko. Atataja ugonjwa wa mdondo.

Usinge ni kata ya Wilaya ya Kaliua, na ni stesheni ya Reli ya Kati kwenye kipande cha Tabora hadi Kigoma, ukishaipita Kaliua na kabla ya kufika Nguruka. Ni nchi ya njia za zamani. Misafara ya pembe na watumwa kati ya Tabora na Ujiji ilipita katika ukanda huu. Burton na Speke walivuka mto Malagarasi wakielekea Ujiji mwaka 1858. Msafara wenye wapagazi mamia haukuweza kubeba chakula cha safari nzima. Ulinunua njiani, kwa shanga na kwa nguo ya merikani, na kuku alikuwa miongoni mwa vitu vilivyonunuliwa. Reli ya Wajerumani ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mnunuzi akahamia dirishani mwa behewa. Kwa hiyo asije mtu akawaambia watu wa huku kwamba anawafundisha kuuza kuku kwa wasafiri.

Kuna sababu nyingine ya kuku kushika nafasi hii, nayo ni ya kimaumbile. Hii ni nchi ya miombo na mbung'o. Kwa miaka mingi ugonjwa wa ndorobo, unaoenezwa na mbung'o hao, uliwafanya ng'ombe wawe mali ya kubahatisha, na ingawa wafugaji wa Kisukuma wamehamia na mifugo yao kadiri pori linavyofyekwa, kaya nyingi za wakulima bado hazina hata ndama. Kuku hajali mbung'o. Anaishi na mkulima wa tumbaku, anakula mchwa wa miombo na pumba za mahindi, na jioni anarudi mwenyewe nyumbani bila mchungaji.

Na tumbaku ndiyo inayomfanya awe wa lazima. Zao hilo lililetwa eneo la Urambo, jirani hapo, baada ya ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufungwa 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni, kushindwa. Tumbaku ikasimama na mpaka leo ndiyo fedha ya wilaya. Lakini ni fedha ya mara moja kwa mwaka. Inapitia kwenye chama cha msingi, inakatwa mkopo wa mbolea, na kwa kawaida jina lililo kwenye daftari la chama ni la baba. Chumvi, daftari la mtoto, nauli ya kwenda zahanati, mchango wa msiba, vyote hivi havisubiri masoko ya tumbaku yafunguliwe. Hapo anauzwa kuku, na anayemuuza ni mama. Nimesikia wanaume wakimwita kuku "mali ya wanawake" kwa dharau kidogo, na wanaume hao hao wakituma mtoto kumkamata jogoo mgeni anapoingia uani.

Soko lenyewe halina mizani. Mchuuzi hufika na baiskeli au pikipiki yenye tenga la fito nyuma, anamshika kuku chini ya mabawa, anampandisha na kumshusha mara mbili kama anayepima mzigo, kisha anapitisha kidole gumba kwenye mfupa wa kifua. Mfupa ukiwa mkali kama kisu, bei inashuka. Ukiwa umefunikwa na nyama, anatikisa kichwa hata hivyo, maana ndiyo kazi yake. Kuku anauzwa kwa kichwa. Mwenye jogoo wa kilo mbili na nusu na mwenye jogoo wa kilo mbili wanaweza kutoka na noti zilezile, tofauti ikabaki kwa mwenye tenga, ambaye kule mbele, Tabora mjini au Dar es Salaam kwenye soko la kuku la Shekilango, atakutana na mwenye hoteli anayejua uzito vizuri sana.

Dosari hiyo inaumiza zaidi mkoa huu kwa sababu Tabora ina kuku mkubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipoainisha kuku wa asili wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliwaorodhesha kina kuchi, ching'wekwe, kuku wa Mbeya, wa Pemba na wa Unguja, na humo alikuwamo singamagazi wa Tabora, ndege mzito mwenye manyoya mekundu. Hata hivyo mlaji wa Dar es Salaam akitaka kuku wa kienyeji anaulizia wa Singida. Singida wamejijengea jina. Tabora wamejijengea jina la asali. Sioni ubaya wa wote wawili, ila singamagazi anastahili kuuzwa kwa jina lake, na kwa kilo.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Chukua kaya yenye mitetea mitano na jogoo mmoja. Mtetea wa kienyeji anayejitafutia hutaga kati ya mayai 10 na 15, anaatamia siku 21, analea, na kwa mwaka anarudia mara tatu hivi. Mitetea mitano ni mizao kumi na tano. Tuseme kila mzao unatoa vifaranga kumi: hivyo ni vifaranga 150 kwa mwaka kutoka uani, bila mashine na bila umeme. Ungetegemea boma lijae kuku.

Halijai. Mwewe anachukua wake, kicheche na nguchiro wanachukua wao, kenge anamaliza mayai, na mvua ya kwanza ya Novemba inaua kwa baridi wale waliobaki nje. Kati ya vifaranga kumi, wakifikisha miezi miwili watatu au wanne, watu wanasema mama kuku huyu anajua kulea. Basi tufanye hamsini. Hawa hamsini sasa wamekua, wengine wameanza kuwika, na kwa bei ya mfano ya Sh15,000 kwa kuku, uani pamesimama Sh750,000. Kwa kaya ya mkulima mdogo hiyo si fedha ya chumvi tena. Ndipo Septemba inafika.

Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, ni ugonjwa wa virusi. Uliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu wa mifugo mwaka 1926, huko Java na kwenye mji wa Newcastle, Uingereza, ambao uliupa jina lake la kigeni. Kuku anasinzia, anahara kijani, anakoroma, wengine wanapinda shingo na kuanguka wakizunguka. Kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuondoka na kuku tisa kati ya kumi, au wote, ndani ya wiki. Hauna dawa. Mwarobaini, shubiri, pilipili na majivu, kila kijiji kina mchanganyiko wake, na kila mchanganyiko una mtu anayeapa kwamba ulimsaidia. Ukichunguza utakuta ulimsaidia mwaka ambao mdondo haukupita.

Ukiuangalia kwa jicho la biashara, huo ndio moyo wa jambo. Benki ya uani inaporwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mwenye akaunti anajua mwezi wa uporaji. Ndiyo maana hajengi banda la maana. Ndiyo maana hanunui pumba za ziada. Nani anaongeza mtaji kwenye duka analojua litaungua Septemba? Wanaomwambia mfugaji wa Usinge kwamba hana "fikra za kibiashara" hawajakaa naye. Anafikiri kibiashara kabisa: mali yenye hatari kubwa haiwekezwi, inavunwa mapema na kwa hofu.

Na kinga ipo, na ni ya bei ndogo. Chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa kwenye Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, huzalishwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, na inauzwa kwa jina la TEMEVAC. Inastahimili joto kuliko chanjo za zamani. Safarini unaweza kuifunga kwenye kitambaa chenye unyevu na kuiweka kivulini au ndani ya mtungi, ikafika nzima. Tone moja kwenye jicho moja, kuku mkubwa na kifaranga sawasawa, kila baada ya miezi mitatu au minne.

Kuchanja kwenyewe ni kazi ya alfajiri, kabla ya kuku kufunguliwa. Mtoto anaingia bandani na kuwatoa mmoja mmoja, akiwa amewakumbatia mabawa yasipige. Mchanjaji anamlaza kichwa ubavu, chupa inapinduliwa wima juu ya jicho bila kuligusa, tone linaning'inia, linadondoka, na hapo lazima asubiri. Kuku anapepesa. Tone likishaenea jichoni ndipo anaachiwa. Likimwagika shavuni, linarudiwa. Kuku kumi na tano ni kazi isiyofika nusu saa, na sehemu ngumu kuliko zote ni yule jogoo mmoja anayelala juu ya mwembe.

Tufanye hesabu ya mfano tena: hata tukiweka Sh100 kwa tone, mara tatu kwa mwaka, ni Sh300 kulinda mali ya Sh15,000. Asilimia 2. Sasa mbona watu hawachanji?

Kinachokwamisha ni chupa. Chanjo haiuzwi kwa tone. Inauzwa kwenye chupa inayotosha kuku wengi, mia na zaidi, na ikishazimuliwa na maji inatakiwa iishe haraka, siku hiyo au kesho yake. Mama mwenye kuku kumi na mbili akinunua chupa nzima peke yake, amemwaga sehemu kubwa ya fedha yake mchangani. Hesabu ile ya Sh100 inakufa. Anasubiri mtu mwingine anunue, na huyo mwingine naye anamsubiri yeye. Duka la dawa za mifugo, likiona hakuna anayeulizia, haliagizi. Afisa mifugo wa kata ana ng'ombe, mbuzi, mbwa na mikutano, na pikipiki yake ina matatizo ya mafuta. Septemba inafika kila mtu akiwa bado anasubiri.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mipango mingi inayoletwa vijijini. Kuku wa uani wanafugwa kaya kwa kaya, lakini kinga yao ni ya kitongoji. Inahitaji mtu mmoja mwenye daftari: nyumba fulani kuku wanane, nyumba fulani ishirini na moja, jumla mia na kumi, kila mmoja atoe kiasi chake, chupa iagizwe Tabora, ambako TVLA ina kituo chake cha kanda, na asubuhi moja ya wiki fulani kitongoji kizima kichanje. Mtu huyo alipwe kwa tone. Akilipwa kwa tone atakumbuka tarehe ya raundi inayofuata bila kupigiwa simu. Vikundi vya kuweka na kukopa tayari vina wanawake thelathini wanaokutana kila wiki wakiwa na kitabu na sanduku lenye kufuli tatu. Sijui ni daftari gani jingine tunalitafuta.

Badala yake fedha zimekwenda kwenye vifaranga vya chotara. Kuroiler mwenye asili ya India na Sasso wa Ufaransa wameingia nchini kwa kishindo katika miaka kumi iliyopita, na ni kuku wazuri kwa mwenye uwezo wao. Wanakua upesi na kutaga mayai mengi kuliko wa kienyeji. Lakini hawaatamii kama mtetea wa kienyeji, kwa hiyo kila kundi jipya linanunuliwa upya kutoka kwa mtotoleshaji, na mtotoleshaji hayuko Usinge. Wanataka chakula cha kununua, na kwa mfugaji wa kibiashara chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, ni fedha inayowavutia wengi kwenye mradi wa namna hii. Kikundi kinachukua vifaranga mia tatu kwa mkopo, mdondo au kuhara damu kunawapitia, na deni linabaki na marejesho yake. Mwenye kuku wa kienyeji aliyepigwa na mdondo amepoteza kuku. Hadaiwi na mtu.

Serikali nayo imekuwa kali mpakani. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vilichomwa moto Namanga kwa hoja ya kukinga nchi na mafua ya ndege. Watu wengi walisikitika, wengine wakasema sheria ni sheria. Mimi nilijiuliza swali dogo tu: mdondo, ambao hauhitaji kuvuka mpaka wowote kwa kuwa upo ndani siku zote, umewahi kuandikwa kwenye magazeti mara ngapi?

Baada ya chanjo, kinachofuata kwa faida ni kifaranga, na humo hakuna haja ya mkopo. Mitetea miwili au mitatu ikianza kuatamia siku moja, vifaranga wote wanapewa mama mmoja usiku, na mitetea mingine inarudi kutaga mapema. Tenga la kufunikia vifaranga wiki nne za kwanza linamnyima mwewe chakula. Chakula cha vifaranga nacho kiko chini ya miguu: chungu kikuukuu kinajazwa samadi mbichi na majani makavu, kinanyunyiziwa maji, kinafudikizwa jioni juu ya tundu la mchwa na kuzibwa pembeni kwa udongo. Alfajiri kabla jua halijapanda unakifudua na kukung'uta. Nchi hii imejaa vichuguu. Ukikosa mchwa Usinge umekosa kwa makusudi. Vumbi la dagaa wa Kigoma, ambalo reli inalipitisha hapo hapo, linakamilisha protini kwa mwenye senti za kuongeza.

Niseme pia kero ambayo hesabu yangu haiioneshi. Mbegu zikiwa ardhini, kuku mia ni ugomvi. Jirani aliyepanda mahindi na karanga Novemba hataki kusikia habari za biashara yako, na wajumbe wa kitongoji wamezoea kesi za kuku kufukua mashamba. Kundi likikua, banda na uzio wa matete ni sharti la ujirani kabla ya kuwa sharti la utaalamu. Mwenye bani la kukaushia tumbaku lililoacha kutumika ana bahati: kuta zipo, paa lipo, ni kutoboa madirisha na kuweka vichanja.

Kuhusu usafiri, mambo yanabadilika na si lazima yabadilike kwa faida ya muuza kuku. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni ya zamani hukaa stesheni muda wa kutosha watu kupatana bei dirishani, kuku wakiwa wamelala chini na kamba mguuni. Treni ya umeme haitakuwa na subira hiyo. Biashara ya dirishani itapungua, na itakayobaki ni ya mzigo: matenga kumi yaliyokusanywa mahali pamoja, kwa uzito unaojulikana, yenye kibali cha afisa mifugo. Anayeweza kukusanya kuku mia mbili wazima kwa siku moja ndiye atakayepanga bei, na hawezi kuwakusanya mahali ambapo kila Septemba kuku wanafagiliwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye kuku wanane uani, kaunganishe kuku wako na wa majirani kwenye daftari moja, na chupa iagizwe Mei au Juni, mdondo ukiwa haujasikika popote. Chanjo haitibu. Kuku aliyekwisha kusinzia hata ukimwekea matone kumi hasimami.